Kijiko Upande wa Kushoto

Kwingine, mlangoni, huniuliza, "Mko wangapi?"
Nikijibu mmoja, sauti hunywea
kana kwamba nimekiri deni.
Kisha huiondoa sahani ya pili, nayo hulia,
kengele ya msiba mdogo.

Kwa Ondina, nyuma ya stesheni ya Trieste,
mtu haulizwi hesabu.
Kiti cha pili hubaki: ni cha kofia yangu.
Mguu wa meza umetiwa kadibodi usiyumbe.
Supu ya maharage huja na mvuke wake,
na kijiko
kimelazwa kushoto.
Sikuwahi kumwambia. Aliona tu,
siku moja ya upepo mkali,
akakaa nalo kimya miaka sita.

Jana hakuwapo. Goti, wamempasua.
Kijana mgeni, Devan, akakiweka kijiko kulia,
akasita,
akachomoa mfukoni karatasi yenye madoa ya mafuta,
akaisoma huku midomo ikicheza,
akakihamisha.

Nilitamani kumuuliza mle mna nini kingine,
mstari wangu una maneno mangapi.
Sikuuliza.
Mkate ukaja: kipande cha pembeni,
kilichoungua kidogo.

Kumbe na hilo limeandikwa.