Upatu wa Barabara ya Kumi na Tano

Kijumbe wetu Mwanakheri hashiki pesa.
Anashika daftari: jina la mume, jino lililong'oka, tarehe.

Mfungo Tatu tulianza na Semboja,
yule wa kiwanda cha kamba, Pongwe.
Alikuta kandambili saba mlangoni pake, akacheka:
"Kumbe leo mke wangu anapokea?"
Anapokea, shemeji. Pita ndani.

Komeo likalia nyuma yake.

Kamba kaisokota mwenyewe, kwa mshahara;
sisi tulifunga tu.

Ngamiani nzima inajua kaenda Mombasa, hakuaga.
Mkewe anakaanga bajia,
mkono wa kushoto bado mzito,
wa kulia unahesabu chenji.

Mwezi huu kura imemwangukia Mwanamgeni.
Mumewe, muungwana wa barazani,
katuagizia soda saba,
za baridi.