Misumari Minne

Nyuma ya mlango wa chumba chetu, Mabibo,
kuna misumari minne ambayo hatukuigongelea sisi.
Waliotutangulia waliigongelea, wakahitimu,
wakaiacha imepinda.

Wa kwanza una kofia ngumu ya njano.
Kokushubila hajajenga hata banda la kuku,
lakini kwao Muleba simu ikipigwa ni "Injinia, umeshakula?"
na mjomba keshamwonesha kwa kidole
kiwanja atakachomjengea, bure.

Wa pili, koti jeusi la Nyamizi,
la mtumba, Karume, elfu nane baada ya mabishano,
naye alibishana kama yuko mbele ya jaji:
"Kwanza, mkono huu umefumuka.
Pili, bila kuathiri hoja yangu ya kwanza..."
Akilivaa, hata chumvi haombi.
Anawasilisha maombi.

Wa tatu ni wa Tumpe. Mkoba tu,
na kitambulisho ndani, uso chini.
Akiulizwa anasema, "Nipo Sayansi."
Ni kweli, nusu. Nusu iliyobaki ni Ualimu,
neno analolimeza kama kidonge bila maji
tangu shangazi yake aseme, sahani mkononi,
"Alama zote zile, mwanangu, ukafundishe?"

Wa nne ni wangu. Una taulo.

Nasomea utunzaji wa nyaraka.
Watu huuliza mara mbili, kisha huuliza,
"Sasa hapo ukimaliza unakuwa nani?"
Si unafanya nini. Unakuwa nani.
Kana kwamba kwa sasa sipo,
nipo foleni, dirishani, nasubiri kukabidhiwa mtu.

Bumu likichelewa sote tunakuwa wa fani moja:
chai ya rangi, andazi moja kwa wawili,
na mwanasheria ndiye anayekata, kwa haki kabisa,
kipande kikubwa akajipa.

Julai nikapelekwa fildi, masijala ya manispaa, Magomeni.
Feni moja. Mende walioajiriwa kabla yangu.
Mafaili yamefungwa kamba, yamevimba kwa unyevu wa masika.
Siku ya tisa akaja fundi wa kuchomelea,
macho mekundu, sijui ya moto au ya jambo jingine.
Mkewe alikuwa mfagizi wa soko. Amefariki.
Kwenye kompyuta, hayupo.
Miezi saba wanamwambia hayupo.
"Amefagia miaka kumi na moja,"
alisema, si kwangu, kwa kaunta.

Nikaingia kwenye rafu. Rugendo, hakuna.
Jina la baba, hakuna.
Nikajaribu kuwa karani aliyechoka, saa tisa na nusu alasiri,
jasho linadondokea daftari:
jina hili angelisikiaje?
Nikaenda kwenye L.
Lugendo. Picha ndogo, barua ya ajira,
sahihi ya herufi kubwa, moja moja, kama mtu anayepanga vikombe.

Fundi alipangusa mkono kwenye ovaroli,
akautazama, akaupangusa tena,
ndipo akapokea karatasi.
Hakuuliza mimi ni nani.

Nilirudi na kisa changu, sikupata pa kukisimulia.
Kofia ya njano ipo sakafuni.
Kokushubila ana sapu ya haidroliki,
analia kwa ndani, majirani wasije wakagonga ukutani
wakauliza, "Injinia, vipi?"
Na Tumpe, kanga begani, anachora bomba
kwenye mlango wa kabati, kwa chaki
(chaki! kumbe anayo, miaka miwili, mkobani)
"Futa yote. Tuanze upya.
Maji hayana haraka. Yanaingilia wapi?"
Sauti ile sikuwahi kuisikia chumbani mwetu.
Hata Nyamizi hakuwa na pingamizi.

Saa nane usiku walikuwa bado wapo kwenye bomba.
Taulo langu limekauka. Nikalitoa, nikalikunja.
Msumari nimeuacha hivyo hivyo.