Fomu Namba Tisa

Amri yenyewe ni fupi kuliko foleni iliyoizaa:
bustani zisinyweshwe kwa mpira,
Jumanne na Ijumaa tu, kwa debe,
kabla jua halijapanda ukuta.
Atakayekaidi, elfu tano.
Akirudia, tunamkatia.

Mimi ndiye ninayekuja kukata.
Jina langu Nyevu. Cheka, nimezoea.
Nyevu wa mita, Nyevu wa spana,
Nyevu ambaye kwao Maweni
bomba likikohoa usiku wa manane
kila mlango hufunguka,
ndoo hutangulia, watu hufuata.

Leo nimeshukia upande wa Casuarina.
Nilijua kabla sijabisha:
ukingo wa barabara umelowa,
na mvua hatujaiona tangu mihogo ing'olewe.

Thoya alinifungulia, mpira mkononi,
hakuuficha.
"Ingia, dada. Kosa ulione lote,
usilione nusu."

Na kosa, kwa kweli, lilikuwa nusu.
Bustani nzima imekauka rangi ya ngozi ya mbuzi,
inavunjika chini ya kiatu kama kaukau,
ila kipande kimoja mbele ya baraza,
hatua saba kwa kumi na mbili,
kijani mpaka kinatia haya.

"Pale," akanionyesha kwa kidevu.
Chini ya makuti, kamera,
ndogo kama kokwa ya tende.
Mwenye nyumba yuko kwao, kwenye theluji.
Kila asubuhi, kahawa haijapoa,
hufungua simu azitazame nyasi zake.
Zikigeuka manjano, mshahara unapungua.

"Mimi simwagilii nyasi, dada.
Namwagilia jicho."

Nikatoa fomu namba tisa.
Ina nafasi ya jina, ya namba ya kiwanja,
ya mita, ya ukubwa wa eneo lililonyweshwa.
Nafasi ya jicho haina.

Peni ikanisimama.
Si kwa huruma, usinisifu bure.
Nilikumbuka mita ya mama yangu mwezi uliopita,
ilivyozunguka siku nne bila tone:
upepo ulikuwa ukipita bombani
na mita, maskini, haijui upepo,
ilihesabu.
Niliisoma mwenyewe. Niliandika mwenyewe.
Mama akaishika bili kama mtu ashikaye samaki asiyemwamini,
akauliza,
"Nyevu mwanangu, upepo ni lita ngapi?"

Basi nikaandika: saba kwa kumi na mbili.
Nikaandika: elfu tano.
Kwenye jina la mkosaji
Thoya alikuwa ameshaanza kunitajia lake,
herufi moja moja, kwa adabu,
kama anayeandikisha mtoto shule.
Nikamwambia, ngoja.

Nikavuka ile ngozi ya mbuzi,
nikasimama katikati ya kijani,
nikaikunjua fomu mbele ya kamera,
nikaishika kwa mikono miwili kifuani
kama ninayepigwa picha ya kitambulisho.
Sikusema neno. Ningesema lugha gani?
Taa ndogo nyekundu ilikuwa inawaka,
au ni jua tu kwenye kioo.
Thoya nyuma yangu alifunga bomba
akahesabu kwa sauti ya chini,
alipofika sitini
akaanza tena.

Huko kwao saa ziko nyuma ya zetu.
Huenda alikuwa amelala.
Huenda alikuwa macho, na alichoona
ni mwanamke anayemkanyagia nyasi.

Nilirudi Maweni viatu vimelowa.
Mama aliviangalia, akaniangalia,
foleni ya bombani ilikuwa imefika kwa fundi cherehani.
Hakuuliza.
Alivichukua, akavibana soli kwa soli
juu ya kopo la mrehani,
akavikamua.