Muhuri, Kadutu

Walifika saa nne, wawili, na gundi katika chupa ya maji,
wakabandika karatasi mlangoni pa Mushagalusa:
KIBANDA KIMEFUNGWA. HAKINA KIBALI.
Wino wa muhuri bado mbichi.

Cibalonza, aliyekuwa akipima sambaza kwa kopo, akauliza:
"Na kamari iliyo ndani ya simu, gundi mtaipaka wapi?"

Mkubwa akakohoa.
Sheria ya hiyo, alisema, ingali mezani kwa wakubwa.

Kisha akamtuma mwenzake kuleta pikipiki,
akaugeukia ukuta,
akachomoa simu:
dakika ya themanini na nane,
timu ya nchi ambako jua limeshazama,
hajui hata rangi ya jezi yake,

na karo ya mwanawe, muhula mzima,
inangoja kona.