Siku Nyumba Ilipotembea

Bibi Clorinda alikufa mwezi wa kuchimba viazi,
akaacha wosia wa mstari mmoja:
nyumba ni ya Heriberto, ardhi ni ya Arsenio.
Labda alidhani anawafunga pamoja.
Hakujua, au alijua vizuri mno,
kwamba nira moja huchubua shingo mbili.

Ami Arsenio alikuja na kofia kichwani, hakuivua.
"Nyumba yako imekalia shamba langu."
Baba akajibu, "Basi nitaiondoa."
Mgeni angedhani ni utani.
Kisiwani kwetu Chiloé, nyumba huondolewa.

Jumamosi ya msaragambo walifika watu arobaini
na jozi saba za maksai.
Waling'oa madirisha, wakatoa jiko, vitanda,
saa ya ukutani, picha za marehemu,
wakaifunga nyumba kamba kiunoni
kama mgonjwa anayevushwa kwenda hospitali.
Magogo yakapangwa chini yake.
Watoto tukaamriwa kukaa mbali.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilishajua
"mbali" ndiko watu wazima huwaweka watoto
wanapotaka kugombana kwa raha.
Nikamshika Nelo mkono, tukapenya mlango wa nyuma,
tukajibanza chini ya ngazi,
penye harufu ya tufaa na sabuni ya bibi.

Nyumba ikaguna.
Halafu ikatembea.

"Yasna, inakwenda wapi?"
"Paukwa," nikamnong'oneza.
"Pakawa," akasema, meno yakigongana.
Palikuwa na nyumba iliyochoka kusikiliza wanaume wawili,
ikashuka ufukweni kuazima miguu ya kaa.
"Ndiyo maana inakwenda upande?"
"Ndiyo maana. Nyamaza, itatusikia."

Kwenye bwawa la matope ikazama magoti.
Maksai wakavuta, watu wakavuta,
kamba ikakatika kwa mlio wa bunduki.
Kisha mvua tu, juu ya vigae vya mbao.
Mtu akasema, "Mwiteni Arsenio. Wake ndio wenye nguvu."
Baba akasema, "Heri ioze hapa hapa."

Sauti ile niliijua.
Ni ya Nelo anapoporwa gololi.
Sikuwa nimewahi kuisikia ikitoka kwa mtu mwenye ndevu,
na nikaogopa kuliko nilivyoogopa giza.

Nyuma ya bega langu palikuwa na nguzo ya vimo.
Nikaipapasa kama kipofu:
A, juu kidogo. H, chini yake.
A. H. A. H.
Kisha mkato mmoja wenye herufi mbili,
mwaka mdogo alipomfikia mkubwa.
Na juu ya mkato huo, makovu ya kisu:
mmoja wao alijaribu kuufuta.
Sijauliza hadi leo ni nani.

Hakuna aliyemwita.
Tulisikia tu kwato ngeni kwenye tope,
na sauti kavu: "Clavel! Pinto! Twende!"
Nyumba ikanyanyuka na sisi tumboni mwake.
Nelo akacheka kwa nguvu, tukagunduliwa,
na kofi la Mama lilikuwa la haki.

Jioni walikula viazi na chaza.
Ami alikula amesimama nje ya ua,
akarudisha sahani kwa Mama, si kwa Baba.
Baba alikwenda akampapasa Pinto katikati ya pembe,
akamwambia ng'ombe, "Asante."
Ami alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo,
akaangalia mvua kwa makini sana.

Usiku Nelo aliweka gololi sakafuni.
Zamani ilikuwa ikibingirika hadi jikoni.
Sasa ilisita, ikafikiri,
ikaelekea mlangoni, upande wa kilimani, kwa Ami.
"Hadithi imeisha?" aliniuliza.
Nikachukua kisu cha mboga, nikamsimamisha penye nguzo.
"Nyoosha mgongo," nikamwambia.
"Na usidanganye kwa visigino."