Futi Kumi kwa Kila Mstari

Ramani ya mwaka hamsini na tatu, Iowa ya kaskazini,
imekunjwa na kukunjuliwa hata mikunjo imetoboka,
na pale mikunjo miwili inapokutana pana tundu
la ukubwa wa punje ya hindi:
shamba zima la akina Pospisil limekwenda na maji.

Naitandaza mezani, naikandamiza kwa kopo la sukari.
Barabara zimenyooka kama nyuzi za mtande,
maili kwa maili, kana kwamba aliyezichora
hakupata kuona kijito kikipinda kivyake.
Kijito hakikujali. Kinakatiza miraba
kwa buluu ya vipande vipande,
maana yake, yasema pambizo, hukauka kiangazi.
Hatukuhitaji pambizo. Ng'ombe walitwambia.

Hii shule, kijibendera juu ya kijisanduku.
Huu msalaba ni makaburi ya Walutheri.
Nyumba ya kuishi watu: mraba uliojaa wino.
Ghala: mraba mtupu.
Sisi ni doa katika sehemu ya kumi na tisa,
dogo kuliko ukucha wa kifaranga,
na humo ndani Mama anachemsha matufaha
na baba yangu, Orrin, anaitengeneza pampu
kwa matusi ya Kinorwe.

Mpima ardhi alikuja Juni, kijana, shingo imeungua na jua.
Nyanya Alvina akampa mtindi, akamwuliza:
"Na kile kilima changu, utakiweka?"
Kijana akakitazama, nyuma ya banda la kuku,
akainama kwenye darubini yake ya miguu mitatu.
"Futi tisa, mama. Mstari huanza kwenye kumi."
Akarudisha kikombe, akashukuru, akaenda zake.

Hakuambiwa nani kalala pale:
pacha wa baba yangu, aliyeishi Jumanne moja tu,
hajapewa jina, hajabatizwa,
na mchungaji wa siku zile akasema
penye msalaba hapana nafasi yake.

Toleo la pili limeongeza zambarau:
barabara kuu, bwawa, matangi ya nafaka.
Shule imefutwa.
Doa letu lipo bado, jeusi tii,
ingawa tulikwisha kuhama, na kwa haki
lilipasa kuwa mraba mtupu.

Nimechukua penseli ya kahawia.
Mkono umetetemeka, duara limetoka kama kiazi.
Nyanya, ile futi iliyopungua
nimeilipa mimi.