Pengo

Mchungaji alipofika pale pa kawaida,
"Ndugu yetu ametuachia pengo,"
kanisa zima la Makongeni likaangua kicheko,
na mjane akacheka kuliko wote,
leso mdomoni, mabega yakimruka.
Mchungaji alikuwa mgeni. Hakujua.

Yosia Amukoya, msafisha mabehewa, Muthurwa.
Meno mawili ya chini waling'oa kwao;
la juu lilibaki kwenye ngazi ya behewa
siku alipomwigiza mkaguzi wa tiketi
na mkaguzi yuko nyuma yake.
Alikatwa nusu mshahara. Akapata jina.

Baba yangu ndiye aliyemshonea ile suruali.
Cherehani yetu ilikaa barazani, Shauri Moyo,
nami nilikuwa mtoto wa kuokota pini.
"Fundi, niongezee kiuno cha mtu wa pili,
huyu wa kwanza bado hajashiba."
Yadi nne za kaki. Hajalipa mpaka leo.

Jumamosi, ukumbi wa Pumwani, senti hamsini.
Pengo mume, Kariithi mke:
Kariithi muuza makaa, shingo kama gogo,
kajitanda leso, kajipaka wanja,
akiuliza kwa kisauti cha bi harusi,
"Mshahara uko wapi?"
Pengo anaanza kujipekua.
Anatoa kijiko. Anatoa kiatu.
Anatoa kuku, mzima, anapiga kelele.
Mshahara hautoki.
Watu walicheka hadi machozi. Mfuko ule waliujua.

Likaja gari la sinema la serikali,
wakampiga picha ya kufundisha watu mswaki.
Yeye, wa meno yale!
Kariithi hawakumtaka:
mke wa aina hiyo, walisema, hafundishi usafi.
Filamu ilikuwa bubu; sauti ni ya karani
aliyesimama kando ya gari na kipaza sauti,
"Huyu ni mjinga. Msiwe kama huyu."
Uwanjani Kaloleni, shuka ikipepea,
Pengo alikaa nyuma kabisa, kajifunika koti,
akijitazama, mkubwa kama nyumba.
Hakuna aliyegeuka.
"Yule jamaa anajua," aliniambia, "ila ana pupa.
Kicheko hakivutwi kama mkia wa ng'ombe."

Aprili ile ya malori
walisimamishwa wote wawili barabara ya Landhies,
alfajiri, mikono kichwani.
Pengo akaanguka. Ule mwanguko wake:
goti, kiwiko, kofia, halafu matako.
Askari akacheka hadi bunduki ikamtetemeka.
"Wewe mchekeshaji, nenda nyumbani."
Akanyanyuka, akamshika Kariithi mkono.
"Huyu ni mke wangu."
Askari akacheka tena.
Lori halikucheka.

Barua moja tu ilifika, kutoka Manyani,
imepakwa wino mweusi juu hadi chini
isipokuwa mstari mmoja:
Mshahara uko wapi?

Miaka mitatu, mchezo uleule, peke yake.
Anasimama kulia. Kushoto anaacha nafasi,
upana wa muuza makaa.
Anasubiri swali. Tunalisikia.
Anajipekua.
Wengine walisema amezeeka, amesahau maneno.

Televisheni ilipokuja walimtaka kijana.
Akawa mkata tiketi mlangoni, River Road,
akimnong'oneza kila mteja, uso mkavu,
"Mwishoni wanakufa wote."
Hata kwa filamu za Kihindi, za harusi.

Mwaka jana mjukuu wangu alinionyesha, kwenye simu,
kipande kilichookolewa katika mkebe wenye kutu.
Sekunde kumi na moja.
Anapiga mswaki, povu mpaka masikioni,
anainama kuaga,
kisha (hili utotoni sikuliona)
anasogea kulia hatua moja
na kunyoosha mkono kushoto,
pasipo na mtu.

"Anamngoja nani?" mtoto akauliza.

Rudisha nyuma, nikamwambia.
Rudisha tena.